Boti ya Jumanne

Sogeeni, wanangu, mkae karibu nikiwa bado na sauti, maana inakuja na kuondoka, na sitaki neno lililo zito libaki kooni. Shafii, fungua dirisha la upande wa ziwa. Fahima, niinulie mto. Na wewe Anwari, usisimame mlangoni kama mgeni anayeuliza njia. Ingia, ukae karibu kuliko wenzako, kwa sababu leo mengi yatakuangukia wewe. Asinikatize mtu, hata mkiniona nimefumba macho.

Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii ni yenu watatu, kila mtu na fungu lake la sheria. Michikichi ya Kigwena vivyo hivyo, na jirani akileta ubishi mwambieni mpaka ni mfereji, si ule mti, mti aliupanda yeye mwenyewe baadaye, mwizi mkubwa yule. Sina deni la mtu. Kinachobaki ni boti, na boti siwaachii. Najua mlikuwa mnaihesabu. Futeni.

Mliambiwa mama yenu Hadija alikufa kwa homa kule Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ni kweli, ila si kweli yote, na kweli iliyobaki nimeificha miaka tisa kwa sababu na mimi nimo ndani yake.

Zamani boti za Rumonge na Baraka zilikuwa tatu: yangu, ya Lameki, na ya Rachidi. Tuligombania abiria hata nauli ikawa bei ya sahani ya ndagala, na wanawake wa biashara walitucheka huku wakipanda. Siku moja Rachidi akatualika kwake, akatupikia samaki mzima, kuhe, kwa mawese, tukanawa mikono, tukala, na juu ya sinia lile tukagawana siku. Lameki Jumatatu, mimi Jumanne, Rachidi Alhamisi. Hatukuandika kitu. Tuliapa kwa chakula kile kwamba siku ya mtu haiguswi. Wiki iliyofuata nauli ikapanda mara mbili, nami nilikula faida ile, na nyinyi mliivaa viatu kwenda shule.

Halafu mashine yangu ikafa. Lameki akaniomba nimwachie Jumanne, nikakataa. Kiburi, wanangu! Nilimwambia siku yangu ni kama shamba langu, hata likiota magugu ni langu. Jumanne ikakaa tupu mwaka mzima, na ufukwe wote ukaiheshimu.

Mama yenu akavuka kwenda kumzika dada yake, na homa ikamkamata huko huko. Jumanne asubuhi wakambeba mpaka ufukweni wamlete hospitali huku kwetu. Boti ya Rachidi ilikuwa pale, tangi limejaa mafuta, na Rachidi mwenyewe amesimama kando yake. Mjomba wenu alimpigia magoti. Mnajua alijibu nini? Alisema, “Leo ni Jumanne, iko siku ya Hamidou. Siku ya mutu haiguswi.” Naye alijua boti yangu iko mchangani huku, haina mashine. Alijua! Hadija akalazwa kwenye mkeka kulekule, akafa Jumatano alasiri. Alhamisi Rachidi akaniletea maiti, akanishika bega, akasema, “Pole ndugu yangu, nauli nimekusamehe.”

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilinijua, likala kwenye sinia moja na mimi, na likanimaliza. Tangu siku ile namchukia Rachidi, nalala nikimchukia na naamka nikimchukia, na shehe amenisihi nimsamehe hata amechoka. Kwa Mungu nitajieleza mwenyewe.

Sasa sikilizeni la mwaka huu. Rachidi alikuja hapa na matunda ya kunipa pole, akalia, akasema uzee umemfundisha. Akaleta mafundi wakaipaka boti yangu rangi ya kijani, akafunga mashine yake, akalipa patenti, ile leseni ya biashara, kwa jina langu. Nililia na mimi, mjinga mimi, nikadhani moyo wake umelainika. Kisha wewe Anwari, unayefanya kazi ofisini kwake, ukaniletea karatasi ya Kifaransa ukasema, “Baba, ni ya patenti tu.” Nikatia kidole.

Dada yako ndiye aliyeisoma, siku ilipobandikwa ukutani pale ofisi ya komini. Rachidi na Lameki wanaunganisha kampuni zao ziwe moja, na serikali imetuma komisheni ya ushindani kuchunguza kama muungano huo utawaumiza wasafiri. Nao wamejibu kwamba hautaumiza mtu, kwa sababu safari ya Baraka bado ina mshindani: boti ya Mzee Hamidou, kila Jumanne, na kidole chake hiki hapa. Mnaona? Mimi ndiye ushindani! Mimi ninayeshindwa kufika chooni bila kushikwa! Wapiganapo tembo wawili nyasi huumia, lakini wakioana, wanangu, hazioti tena. Siku watakapopewa ruhusa, mashine itafunguliwa irudi kwake, siku zote zitakuwa za Rachidi, na kina Hadija wengine watalazwa kwenye mkeka kumngoja apende.

Shafii, jana ulisema tuiendeshe sisi wenyewe. Kwa mashine ya nani? Na Fahima ulisema niende nikaseme. Neno langu halina uzito tena, wataonyesha alama ya kidole changu, na boti wataiona imeng'aa majini, watasema mzee anaota. Komisheni inakuja keshokutwa, Alhamisi. Wasiikute.

Ndiyo maana asubuhi nimeamuru ivutwe mchangani, na ndiyo maana fundi Kalume amekaa pale nje na msumeno wake mrefu. Yeye aliiunda na mimi, ubao kwa ubao, na aliponiuliza, “Muzee, hii boti iko muzima bado, unaiulia nini?” nilimjibu kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeunda anajua pa kuanzia kukata. Na lazima iwe leo, ningali napumua. Nikifa, sheria inanipa neno juu ya theluthi tu ya mali yangu, iliyobaki ni yenu, na katika nyinyi yuko mmoja ambaye Rachidi amekwisha kumwahidi kiti cha ukurugenzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Usilie, Anwari. Sijamaliza.

Shehe kasema kuharibu mali ni dhambi. Basi haiharibiwi, naigawa. Mbao za ubavuni wapeni wanawake wanaoanika ndagala pale ufukweni, watengeneze vichanja. Mashine mrudishieni Rachidi kwa mkokoteni, mchana watu wakiona, na msiichubue. Mbao saba za sakafu, zile za mvule, ni zangu. Nikilazwa mwanandani, nifunikeni kwa hizo.

Fahima, Alhamisi wewe ndiye utakayesema. Waeleze sinia la kuhe, waeleze siku tulizogawana, na usinifiche hata kidogo, sema baba yangu alikuwa wa pili mezani na alikula akashiba. Aibu yangu nimeibeba ya kutosha, sasa na mwenzangu aonje. Wakiuliza boti ya tatu iko wapi, uwapeleke makaburini, uwaonyeshe.

Msumeno ule ni wa watu wawili. Kalume atashika upande mmoja. Upande wa pili ni wako, Anwari. Sikuchagui kwa adhabu. Mkono ulioleta karatasi ndio uiondoe boti, ili usije ukaishi kama mimi, na kitu kifuani kisichopoa. Ukishuka pale, nimekuridhia, duniani na akhera. Nenda. Nenda, baba.

Ameshuka? … Mshike Shafii mkono, Fahima, mpendane. Mungu awape riziki isiyopita kwenye mlango wa Rachidi, awape watoto mtakaowaambia ukweli mapema kuliko nilivyowaambia mimi. Maji … asante, murakoze mwanangu.

Nasikia. Ndiyo, ndiyo hiyo, huo ni ubao wa mbele, mgumu huo, tuliutoa Bugarama … Rachidi atakuja mazikoni, namjua, hawezi kukosa watu wakimtazama. Msimfukuze. Mpisheni atupe udongo wake kwa mikono miwili, aizike mwenyewe boti yake ya Jumanne. Na kama ni leo … basi mnizike leo. Leo ni siku yangu. Haiguswi …

Mbona kimya? Fahima, mbona msumeno umenyamaza? Mwambie asitazame juu huku dirishani. Mwambie baba anasikia.

Vuta, mwanangu … vuta …