Mlango Uliofutwa

Jumamosi mchana, mtaa wa Dengfeng, China, nje ya mgahawa wa wali na maharage, viti vya plastiki vilikuwa vimejaa na chupa ya kahawa ilikuwa inazunguka. Kijiwe hiki kina wenyewe. Abdulsamad wa Mombasa, wakala wa mizigo, wanamwita Kontena. Macharia wa Nairobi ni Mtandao, maana kitu chochote kikiharibika, hata mkanda wa suruali, yeye husema shida ni mtandao. Medard wa Bukoba ni Msafi; hawezi kuona simu imejaa picha akanyamaza. Na leo alikuwepo Kissa wa Tukuyu, muuza viatu vya watoto, kompyuta mapajani, uso umemshuka.

Huko kwao, kina mama wa kanisani walikuwa wamemwambia mama yake kwamba Kissa hana duka lolote China, anajipiga picha kwenye maduka ya watu. Roho ilimwaka Kissa. Alhamisi, rafu zikiwa zimejaa, aliweka kamera juu ya stuli katikati ya duka, akaizungusha kidogo kidogo huku anapiga, ili programu izishone zile picha ziwe moja ya duara. Mama angegusa simu tu, akalizunguka duka zima. Kesho baada ya ibada mama alikuwa ameahidi kuwaonyesha hao hao wenye maneno. Ijumaa viatu vyote vilikwenda kupakiwa, rafu zikabaki tupu. Na sasa, penye mlango, picha ya duara ilikuwa na pengo jeusi.

— Programu inasema picha ya mlango mei yo, hakuna, alisema Kissa. Kama laoban mwenye duka kule soko la Zhanxi, aliyechoka na maswali.

— Si nilikushow ni mtandao, alisema Macharia. Hiyo program ni ya majuu. Ikifika mlangoni inataka VPN.

Abdulsamad alikataa. Kwa maelezo yake, pale mlangoni pana boksi la mita ya umeme, na chuma kile huvuta rangi ya picha. Macharia akaona ameachwa nyuma, akasema mwenye jengo ameweka kitu ukutani cha kuzuia wapangaji wasipige picha. Ndiyo maana yeye akiingia kwenye lifti simu yake husahau mambo. Medard, kwa sauti ya mtu anayejua, alisema programu za siku hizi zina akili, haziwezi kuonyesha mlango wa mtu kwa wezi.

Kissa hakucheka. Alifungua folda ya picha, akahesabu, akarudia.

— Medard, jana nilipokuachia kompyuta ulifanya nini humu?

— Nilikusafishia, dada. Tena bure. Kulikuwa na picha za ukuta na mlango, hazina hata kiatu kimoja. Mteja ataziangalia za nini? Nikafuta, nikamwaga na pipa la takataka. Zipo nyingine viatu vinajirudia pembeni, hizo nilitaka nizimalizie leo.

Kissa alifumba macho. Alimweleza taratibu kwamba huko kujirudia ndiko kunakoshona. Programu kwanza hutafuta alama zinazofanana kati ya picha na jirani yake, kisha huzinyoosha, kisha huunganisha, na hatua moja ikikwama zinazofuata haziendi.

— Lakini si kuna faili la mradi? Medard alijitetea. Mimi nilijua picha zote zimo mle ndani.

— Ewe Msafi, alisema Abdulsamad, hata mimi hilo nalielewa. Faili lile ni karatasi ya mzigo tu. Linasema kuna nini na kimekaa wapi. Ukitupa mzigo, utapeleka karatasi sokoni?

Kissa alimwonea Medard huruma kidogo, ingawa hasira ilikuwa bado haijamtoka. Alikuwa anawaza kesho, mama yake amesimama katikati ya wale wanawake na simu yenye shimo.

Hapo ndipo Nahla alipovuta kiti. Alikuwa mgeni, mpwa wa Abdulsamad, ameshuka juzi tu kutoka Mombasa. Alisalimia wote, akaomba kuona hicho kinachogombewa. Akaizungusha picha ya duara kwa kidole: rafu, viatu, taa, pengo, rafu tena. Akaizungusha mara ya pili.

— Na dada Kissa mwenyewe yuko wapi?

Macharia alikuna kidevu. Abdulsamad aliinua chupa ya kahawa, akaiweka chini bila kumimina.

Kissa aliiangalia ile picha upya. Lilikuwa duka zuri, na lingeweza kuwa la mtu yeyote. Ikamrudia sauti ya mama yake kwenye simu. Mama hakuuliza habari za rafu hata mara moja. Alisema tu, “Nataka nikuone ulipo, mwanangu.” Aibu ikampata, na chozi likataka kumtoka mbele za watu.

Akafunga kompyuta. Rafu za Alhamisi zilikuwa bado zimo kwenye folda, na kule dukani ukuta ulikuwa palepale. Mlango ulikuwa palepale.

— Nahla mdogo wangu, unaweza kuzungusha kamera juu ya stuli bila kuitikisa?

— Naweza.

— Basi twende dukani tukazibe pengo. Nitasimama mlangoni.