Mkaguzi na Biskuti za Alizeti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kumbukumbu ya leo ni fupi, maana aliyefariki alikuwa na miaka saba. Kuna mtu kanipigia simu asubuhi kuniuliza, mtoto wa miaka saba ana maisha gani ya kusimuliwa redioni? Nimemwambia asikilize, kisha anipigie tena.

Tunamkumbuka binti aliyeitwa Mkaguzi. Hilo si jina la cheti, alipewa na bibi yake. Mtoto huyu hakutia kitu mdomoni bila kukinusa na kuuliza, "Kina nini ndani?" Aliuliza nyumbani, akauliza shuleni, akamuuliza hata daktari aliyempa dawa ya kikohozi. Alikuwa na mzio wa karanga. Narudia, mzio wa karanga. Chembe ndogo tu, koo linavimba na pumzi inakatika.

Walijua hivyo tangu akiwa mdogo, aliporamba kijiko chenye karanga kwa jirani, wakamkimbiza hospitali uso umemvimba hata macho hayaonekani. Tangu hapo hakutoka nyumbani bila kimkoba chekundu chenye sindano ya dharura. Mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyekishona.

Watoto wenzake, basi, mnawajua watoto. Walimpungia biskuti za karanga puani na kukimbia wakicheka. Mwenzao akisherehekea siku ya kuzaliwa, wote wanapewa biskuti, yeye anapewa ndizi. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba amechoka na ndizi. Hakulia. Alisema tu amechoka, akaenda kuvua viatu.

Mama mtu akaanza kuzisaka biskuti. Za dukani zilimshinda. Mbele ya pakiti zimeandikwa hazina karanga, nyuma, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, huenda zikawa na chembe zake. Akaamua kuoka mwenyewe. Jamani, biskuti za mwanzo! Bibi anasema zilikuwa za kujengea ukuta. Mkaguzi alizishukuru kwa adabu, akazitia mfukoni, akawapelekea kuku wa jirani. Kuku nao wakazikataa.

Mama hakufa moyo. Alishona mchana, akaoka jioni, akaharibu unga na siagi mpaka mumewe, dereva wa lori, akalalamika kwamba nyumba nzima inanuka sukari iliyoungua. Mwishowe akajaribu mbegu za alizeti. Akazimenya, akazikaanga kavu mpaka zikawa rangi ya kahawia, akazisaga, akachanganya na unga, siagi na chumvi kidogo, akaoka. Narudia, mbegu za alizeti. Karanga hazikuwemo hata chembe. Lakini ukinusa, ukionja, ungeapa ni karanga.

Mkaguzi alinusa, akauliza, akala. Akala nyingine. Shuleni wale wale waliompungia biskuti sasa walimfuata nyuma wakimbembeleza. Bibi yake anasema mtoto alianza kutembea kifua mbele, akichagua nani apewe na nani asubiri. Alikuwa na roho ngumu kidogo kwa waliomcheka, na mimi simlaumu.

Sasa tuje kwa shangazi. Shangazi ni dada wa yule dereva, msusi mwenye saluni yake, na alimpenda mtoto huyu. Nalisema hilo mapema msije mkajifariji kwamba alikuwa adui. Tatizo lake ni kwamba mzio hakuuamini. Alisema wao wamekula karanga tangu wananyonya na hakuna aliyekufa, kwamba wifi yake anamdekeza mtoto ili aonekane mama bora.

Likizo ilipofika Mkaguzi akapelekwa kushinda saluni, na kopo lake la biskuti. Shangazi akaonja moja. Akaonjesha wateja. Wote wakakubaliana kwamba hizo ni karanga. Akampigia wifi yake simu kumtania. Mama akamweleza kwamba ni alizeti. Shangazi akacheka sana. Alizeti anayoijua yeye ni mafuta ya kukaangia. Akawaambia wateja kwamba wifi yake kaumbuka, mtoto anakula karanga kila siku na yuko mzima.

Kopo likaisha. Mkaguzi akataka nyingine. Shangazi akavuka barabara, akamnunulia biskuti za karanga dukani. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mteja aliyekuwa kitini anasukwa ndiye aliyetusimulia.

Mtoto alipokea moja. Akainusa. Ilinukia kama za nyumbani. Akauliza, "Shangazi, kina nini ndani?"

Shangazi akajibu, "Kile kile anachoweka mama yako."

Basi akala. Zamani harufu ile ingemkimbiza, lakini mama yake alikuwa amemfundisha kuipenda. Alipoanza kukohoa, shangazi alidhani amepaliwa. Akampa maji, akampiga mgongoni, akamwambia ale taratibu. Kimkoba chekundu kilikuwa kimetundikwa msumarini, karibu na kioo. Hakuna aliyekifungua. Walipompakia kwenye gari alikuwa ameshalegea, na hospitali hawakuwa na la kufanya.

Msibani shangazi alilia kuliko wote, akasisitiza kwa kila mtu kwamba wifi alikuwa anaweka karanga, yeye ameona, ameonja. Mama hakubishana. Alinyanyuka, akamshika mkono, akampeleka jikoni. Akamenya alizeti mbele yake, akakaanga, akasaga, akaoka, waombolezaji wamejaa mlangoni. Ikiwa bado ya moto, akampa moja.

"Nilimwambia tafuna," mama ametueleza. "Akatafuna. Akaniuliza mbona sikumwambia. Nikamjibu, nilikwambia, wifi. Ulicheka. Haya, maliza iliyobaki."

Na akaimaliza, wasikilizaji, yote, huku watu wanamtazama.

Hayo ndiyo maisha ya miaka saba. Tunatoa pole kwa mama, ambaye hajawasha oveni tena. Pole kwa baba, ambaye habari zilimkuta safarini, na kwa bibi. Nawe uliyeniuliza asubuhi, simu iko wazi. Tafakarini jambo moja tu leo. Mtoto akikuuliza kina nini ndani, usimjibu unachodhani. Kama hujui, sema hujui, akae na njaa yake.

Shangazi, kama saluni mmefungua redio, pole na wewe. Hiyo ni pole yangu mimi. Mama yake nilimuuliza kama ana neno la kukutumia, akasema hana.