Bunduki Iliyochaguliwa Misimu Mitatu

Mheshimiwa Naibu Kamishna wa Kaunti, chifu wetu, maimamu na wachungaji, wazee wa wafugaji, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wakulima wenzangu mliobaki juani kwa kuwa hema limejaa wakubwa: salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni Mama Jilo, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga hapa Idsowe. Nimeambiwa nimuage Bwana Zachary, afisa wetu wa wanyamapori anayehamishwa, kwa maneno matamu. Nitajaribu.

Mabata bukini walipozidi kushukia mpunga wetu, tuliomba bunduki moja ya marisawa, zile risasi ndogo ndogo za ndege, na mtu mmoja mwenye kibali cha kuwafyatulia. Bwana Zachary akakubali, ila akasema bunduki haichaguliwi kama kitunguu sokoni Garsen, iundwe kamati. Nani angempinga?

Tukafundishwa. Bata bukini ana manyoya mazito, marisawa madogo yanamtekenya tu, na mtutu mfupi huyatawanya kabla hayajamfikia. Mzee Swaleh akataka mitutu miwili, maana wa kwanza ni wa kukosea. Mzee Godana, kwa niaba ya wafugaji, akauliza: "Na ng'ombe yangu ikisikia hiyo kelele, itakimbia wapi? Si itaingia kwa hiyo mpunga?" Swali zuri, nalo likaundiwa kamati ndogo. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine.

Sijaona mtu anayeijua bunduki kiasi hicho bila kuwa nayo. Hiyo ni sifa, Bwana Zachary, ipokee.

Lakini nimechoka, na acheni niseme nimechoka. Siku ya kikao kikubwa ilitangazwa kwamba kila mkulima afike atoe maoni, asije mtu kulalamika kwamba hakushirikishwa. Tukashuka madunguni, kwenye majukwaa tunayokaa kuamia ndege, tukaacha makombeo yetu huko, tukaja kupigia kura urefu wa mtutu. Tuliporudi, shamba la Abdia lilikuwa limebaki mabua. Mjane yule hakupata hata mbegu ya kupanda tena; ilibidi tumchangie. Mtutu mrefu ndio ulioshinda, kama mnataka kujua.

Basi, bunduki imeshachaguliwa, kibali kina jina la Bwana Zachary, na Bwana Zachary ndiye huyo anakwenda. Mrithi wake ameniambia asubuhi hii, kwa adabu kabisa, kwamba angependa kuanza na kamati yake mwenyewe. Ningecheka, ila mpunga umeiva. Abdia akiukosa na huu, tutamchangia nini tena?

Mheshimiwa, nilikuwa na shukrani nyingi za kusoma. Lakini mwaliko wa leo nao ulisema kila mkulima ahudhurie, na Abdia, mtu mtiifu, ameketi pale nyuma na buibui lake la sherehe. Ninyi mmeyapa mashamba mgongo. Mimi nimesimama nikiyatazama, na dungu lake halina mtu, na mabata wanatua.

Bwana Zachary, nenda salama, ulitupenda kwa njia yako. Asanteni kwa kunipa masikio. Sasa nipeni na miguu. Abdia, tangulia, tunakuja. Wenye viatu vya ngozi wavivue, huko kuna matope.