Kiraka Chini ya Bawa: Mzee Felisiani Anastaafu, Ndege Yake Haijarudi

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa viwanja vyote mnaosoma jarida hili, salamu nyingi kutoka Sumbawanga. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mkuu wa kituo, Ndugu Anyitike, anawasalimu. Martha wa redio anawasalimu, anasema asubuhi anawasikia vizuri ila mchana mnakwaruza. Adolfu wa gari la zimamoto anawasalimu, gari bado linasubiri betri. Mama Fransiska, mke wa mstaafu wetu, anawasalimu, kifua chake sasa kina nafuu. Wanangu nao wanawasalimu wote, kuanzia Oswaldi mkubwa mpaka Agnesi, kitinda mimba. Na mimi Bertilla, mpika chai na mfagiaji, ndiye ninayeandika. Msicheke mwandiko. Kusoma nilisoma ukubwani, darasa la jioni, na mtoto mgongoni. Ndugu Anyitike alinipa kazi hii akisema, "Mama Oswaldi, wewe unamjua mzee kuliko sisi, halafu una hasira, utamaliza upesi."

Ni kweli nina hasira. Lakini kwanza nimsifu mtu.

Mzee Felisiani, mwenyeji wa Mwimbi, anastaafu tarehe 30 Juni, 1981, baada ya kutumikia kiwanja hiki miaka ishirini na minane. Alianza mwaka 1953, akifyeka nyasi na kufukuza ng'ombe. Wakati huo Sumbawanga haikuwa makao makuu ya mkoa, na abiria walisubiri ndege wamekaa juu ya mizigo yao kwenye upepo. Baadaye akapewa kutunza soksi ya upepo, ile inayowaonyesha marubani upepo unakotoka, baadaye mapipa ya mafuta, baadaye akawa msimamizi wa kiwanja chote. Mawe meupe ya pembezoni mwa njia ya kurukia ni yeye aliyeyapanga, na kila kiangazi ni yeye aliyeyapaka chokaa. Mwaka chokaa ilipokosekana madukani alikwenda kuchimba udongo mweupe, akaukoroga mwenyewe, na marubani wakasema mawe yanaonekana vizuri kuliko mwaka uliopita.

Si mtu mpole, tusidanganyane. Amewahi kumrudisha Mkurugenzi mzima nyuma ya kamba kwa kuvuta sigara karibu na mafuta. Mimi mwenyewe amenigombeza mara nyingi kwa kuanika nguo kwenye uzio, eti shuka likipeperuka rubani atadhani ni ishara. Akiwa na njaa hasemeki. Akishiba uji wa ulezi na dagaa wa Kirando anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pua, na hapo ndipo pa kumwomba ruhusa.

Sasa nieleze habari ya ndege, maana wengi wenu mnaisikia juu juu tu.

Mwaka 1956 ilikuwa inakuja hapa ndege ndogo ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, iliyovikwa kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha. Siku moja ilipotua, mtamba mmoja alichomoka kwenye nyasi, na ncha ya pembe ikapasua bawa la chini. Kufukuza ng'ombe ilikuwa kazi ya Felisiani. Rubani, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alishuka akiwaka. Karani akatafsiri kwamba ndege ikilala hapa, yule mfyekaji kesho asionekane.

Mimi nilikuwa mke kijana, mjamzito wa Oswaldi, nimekaa kando nashona nepi za amerikani. Felisiani alinijia mbio. Hakunisalimu. Alisema, "Dada, lete sindano, la sivyo nimekwisha." Nikalala chali kwenye mkeka chini ya bawa, tumbo likiwa juu kama mlima, nikashona ule mpasuko kama rubani alivyonionyesha kwa vidole, kisha tukabandika juu yake kipande cha ile amerikani yangu kwa dawa ya rubani ya kugandisha kitambaa, iliyonuka mpaka kichwa kikaniuma. Kiraka kilikuwa na umbo la sikio. Kilifunika mguu wa herufi ya mwisho ya namba ya ndege, ile R, ikabaki kama P. Ndege ikaruka. Felisiani kesho yake alionekana, na mpaka leo anaonekana. Ndege iliendelea kuja na kiraka kile kile, hakikupakwa rangi hata siku moja. Watu wa Izia hapa jirani walikuwa wanainua vichwa mashambani na kusema, "Ile pale, ya nepi."

Zilipokuja ndege za bati tupu, ile ya kitambaa haikuonekana tena. Watoto wa wafanyakazi wakawa wanabisha kwamba hakuna ndege ya kushonwa kwa sindano. Mzee Felisiani alikasirika, akaanza kutengeneza mfano wake mdogo. Mifupa aliipasua kutoka kwenye mbao za sanduku la majani ya chai. Vijiti vya kushikilia mabawa ni spoki za baiskeli. Nguo ni amerikani iliyokazwa kwa uji wa muhogo. Vipimo alikuwa navyo tangu zamani, kwa sababu marubani walipokuwa wanakunywa chai yeye alizoea kupima ndege kwa kamba ya mafundo, na rubani mmoja alimuuliza kama anataka kuishonea suruali.

Umbo lilimalizika mapema. Kilichomtesa ni alama, na alama alizichukulia kama mtu anavyochukulia jina la mtoto wake. Herufi zilianza na VR-T, kama ndege za Tanganyika zilivyoandikwa wakati ule, na alitaka ziwe na unene wake, ziegemee bawa kama zilivyoegemea. Weusi aliupata kwa masizi na gundi. Mstari wa ubavuni ulikuwa wa bluu iliyofifia kwa jua, akakoroga bluu ya kufulia, akapaka, akafuta, akapaka tena, mpaka nikaficha bluu yangu kwenye chungu. Pale bawa linapoungana na mwili palikuwa na maandishi madogo ya kukataza watu wasikanyage, akayaandika kwa unyoya wa kuku, amezuia pumzi. Nilimwambia, "Kaka, nani atayasoma hayo?" Akasema, "Aliyekuwa na haja ya kuyasoma alikuwa mwenye miguu, si mwenye macho." Huyo ndiye Felisiani, unamwuliza neno moja anakujibu na la pili usilouliza.

Lakini kiraka alikikosea, na hapo tuligombana hasa. Alikiweka bawa la kulia. Nikamwambia ni la kushoto. Akasema, "Bertilla, mimi nilisimama mbele yake nimeiangalia kwa macho haya." Nikamwambia, ndiyo maana! Ulisimama mbele ukaitazama uso kwa uso, kushoto kwake kukawa kulia kwako. Mimi nilikuwa chini yake upande wa mlango, mpaka sista mmoja abiria akanishushia pipi pale mlangoni akinihurumia na tumbo langu. Hakukubali. Kuanzia masika mpaka mavuno alikuwa anakunywa chai bila kunisemesha, anamtuma Adolfu aombe sukari. Asubuhi moja akaja jikoni, akaweka ndege mezani katikati ya vikombe. Kiraka kilikuwa kushoto, upande wa mlango, umbo la sikio, na R haina mguu. Akasema tu, "Chai." Nikamwekea sukari ya watu wawili, na sukari mnajua ilivyo adimu.

Ndege ile ilitundikwa kwenye dari ya chumba cha abiria, juu ya mizani. Aliitundika juu makusudi, ili watu waione kwa chini kama tulivyozoea kuiona. Wazee wa vijijini wakija kusindikiza wagonjwa waliinua macho, wakacheka, wakasema, "Kumbe ya nepi bado ipo!"

Mwezi wa tano mwaka huu akaja Ndugu Andwele, afisa kutoka makao makuu, kutafuta vitu vya maonyesho ya Saba Saba. Kijana mzuri, mtoto wa Mbeya, ana heshima, anasalimia mpaka mfagiaji. Aliipenda ndege. Mzee Felisiani alikuwa likizo Mwimbi, anavuna ulezi. Mimi nilikuwa nimempeleka Agnesi hospitali na homa. Tuliporudi, kila mtu kwa siku yake, tulikuta chumba cha abiria kinanuka rangi na dari tupu. Ndugu Andwele alikuwa ameishusha, ameipaka rangi nyeupe ya mafuta yote nzima, ameifunika VR-T, ameandika namba za siku hizi, amechora bendera yetu mkiani, amepaka na madirisha. Kiraka amekizika. R ameipa mguu! Halafu akaipakia kwenye ndege ya kwenda Dar es Salaam.

Nilimpata kwenye redio ya Martha, watu wa nusu ya Tanzania wakisikiliza. Akaniambia, "Mama, msikasirike, nimewasitiri. Ndege yenye kiraka inautia mkoa aibu mbele ya wageni."

Aibu ipi, mwanangu? Naandika hapa ili usome mwenyewe na wenzako wasome. Ndege ya mabawa mawili kuivika bendera ya leo ni kama kumfukua babu yako umvalishe sare ya chipukizi wa Chama. Hakuna mwaka wowote duniani ambapo ndege hiyo uliyoichora ilitua hapa. Bendera naipenda. Nimeipigia makofi siku ilipopandishwa hapa mara ya kwanza, nimefagia chini yake mpaka leo. Lakini siku pembe ilipopasua bawa haikuwapo, na aliyekuwapo ni mwanamke na sindano, na mtu mmoja aliyekuwa anatetemeka asifukuzwe kazi. Ujamaa tunafundishwa ni kushirikiana. Hapo tulishirikiana, ushahidi wake tuliutundika juu ya mizani, nawe umeupaka rangi. Na ile rangi! Kopo zima la rangi nzuri ya serikali, wakati zahanati yetu haina hata ya kuandika neno WANAWAKE mlangoni.

Siku ile redioni alidhani nimetulia. Akasema, "Basi Mama, nitawachorea kiraka kingine, kizuri, cha mraba." Cha mraba! Nilimrudishia Martha kipaza sauti kabla sijakosa adabu.

Mzee Felisiani hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ndugu Anyitike ameandaa sherehe, Mama Fransiska amepika pombe ya ulezi, kwaya imefanya mazoezi. Mstaafu anasema haji. Alimwambia mkuu wa kituo, kwa heshima kabisa, "Mnipigie makofi ya nini, na ndege yangu imeoshwa uso?" Sijui kama mnanielewa. Mtu aliyewapokea wagonjwa, wabunge, masista na vifaranga vya kuku miaka yote hii atatoka kwa mlango wa nyuma kama mtoro.

Na kuna jambo jingine hataki niliseme, ninalisema. Jicho lake la kulia limeingia ukungu, na la kushoto limeanza kulifuata. Daktari amesema asitegemee mwaka ujao kufanya kazi ya unyoya. Ikikaa huko mpaka maonyesho yaishe, halafu ikangojea vibali vya ofisini ikarudi Desemba, itarudi kwa mtu asiyeweza kuisafisha. Sasa hivi anaweza. Rangi yake iko chini ya hiyo yenu, nzima, na anasema kwa kipande cha kioo na subira ataifikia.

Kwa hiyo ndugu zangu wa makao makuu, tunaomba irudi kwa ndege ya Alhamisi. Isiwekwe kwenye shehena, ipakatwe na mtu. Msiijaribie petroli wala msasa, iacheni na uchafu wenu hivyo hivyo. Ndugu Andwele, ukipata nafasi ya kuileta mwenyewe njoo, sitakugombeza tena, nitakupikia samaki wa migebuka, na mzee atakuonyesha alama moja moja, maana hata yeye aliwahi kuwa mbishi.

Mzee Felisiani, kaka yangu, asante kwa mawe meupe, asante kwa kila ndege iliyotua salama na watoto wetu ndani yake, asante hata kwa kelele. Mwimbi kuna upepo, funga kifua. Dawa ya jicho itie asubuhi na jioni, usimwachie Fransiska akukumbushe. Sisi wote wa kiwanja tunakuombea uzee wenye shibe, usingizi na wajukuu wanaosikia.

Nanyi mliokaa na ndege, jibuni upesi, inakuja au haiji. Martha yuko kwenye redio tangu asubuhi, msingoje barua. Lori la kwenda Mwimbi limeshapangwa, Mama Fransiska amekwisha funga vyombo, na mzee mwenyewe, kila ndege ikitua, anasimama karibu na mlango wa mizigo akitazama wanachoshusha.