Bi Hema, Muuguzi Aliyewatoa Wagonjwa Nje

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe thelathini mwezi huu Muuguzi Mkuu wa wodi yetu ya upasuaji atavua sare yake kwa mara ya mwisho. Katika faili za ofisi ana jina lake kamili, lakini hapa hospitalini, kuanzia getini hadi jikoni, anajulikana kama Bi Hema. Wafanyakazi wapya hudhani ni jina la ukoo. Sivyo. Jina hilo alilipata kihalali, kwa kuangukiwa na hema.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Kwa miaka mingi alisafisha na kufunga vidonda vya wanawake walioondolewa titi kwa sababu ya saratani. Vidonda vilipona, lakini wenyewe aliwaona bado wanaumwa. Walikuja kliniki wamejitanda mitandio hadi kidevuni, wakakaa kwenye benchi la korido wakitazama sakafu, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mmoja wao akamwambia kwamba tangu atoke wodini hajawahi kucheka.

Maneno hayo yalimkaa rohoni wiki nzima. Kisha akaingia kwa daktari mkuu kuomba gari, chakula na ruhusa ya kuwapeleka akina mama wachache kando ya ziwa kwa siku nne. Daktari akauliza ni tiba gani itakayotolewa huko. "Hewa safi," akajibu, "na mimi mwenyewe."

Kambi hiyo ya kwanza ilinyeshewa. Hema alilolisimamisha kwa mikono yake, baada ya kuukataa kabisa msaada wa dereva, lilimwangukia katikati ya hotuba ya kuwakaribisha wageni. Kilichoonekana ni kitu kikihangaika chini ya turubai huku kikiendelea kuhutubia. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Yule ambaye hakuwa amecheka tangu upasuaji ilibidi aketi chini, kwenye matope.

Tangu hapo kambi imekuwa ikifanyika kila mwaka. Asubuhi wanatembea msituni taratibu, wanafanya mazoezi ya kuinua mkono wa upande wenye kovu, na jioni wanazunguka moto. Anayetaka kusema anasema. Anayetaka kunyamaza hasumbuliwi.

Wengi tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyeletwa na dada yake karibu kwa nguvu. Alipofika aligoma kushuka garini. Alikuwa ameshaamua kutorudi kwenye matibabu, na kovu lake hata mumewe alikuwa hajaliona. Bi Hema hakumbembeleza. Aliweka kigoda kando ya mlango wa gari, akaanza kumenya viazi vya chakula cha mchana, na kila ganda likaondoka na nusu ya kiazi. Fundi alivumilia weee, mwishowe uzalendo ukamshinda. "Dada, hebu lete hicho kisu, utatulaza njaa!" Akashuka. Bi Hema ameapa kwamba hakufanya makusudi. Sisi tuliowahi kula mapishi yake tunamwamini.

Siku ya tatu fundi aliingia ziwani na wenzake, bila mtandio. Wiki iliyofuata alirudi kliniki, akamaliza dawa zote. Leo ni mzima, na mumewe ndiye humsindikiza kila anapokuja kujitolea kambini.

Miaka minne iliyopita uvimbe uliogunduliwa ulikuwa wa Bi Hema mwenyewe. Alipasuliwa na kulazwa katika wodi yake, akawa anawakosoa wauguzi namna ya kutandika shuka naye amelala ndani ya shuka hizo hizo. Alipopata nafuu kidogo, alikuja kambini kama mgonjwa. Jioni ya kwanza tukamkuta anaosha sufuria. Fundi cherehani akamnyang'anya. "Mama, kaa chini. Safari hii tunakuuguza sisi."

Akakaa. Halafu, mbele yetu sote, akalia kwa kwikwi, kichwa kwenye bega la fundi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baadaye alituambia kwamba miaka yote ile alikuwa akiwagawia wenzake kitu ambacho yeye hakuwahi kukionja.

Alipona, akarudi kazini, na sauti yake ikarudi naye.

Bi Hema, kwa niaba ya wodi nzima, na kwa niaba ya wanawake ambao leo wanaingia kliniki yetu wakisalimiana kwa vicheko, tunasema asante. Umetufundisha kumtazama mtu kwa ukamilifu wake, si kidonda tu. Nenda ukapumzike na mumeo, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na afya isikupungukie kamwe. Tumesikia umeshamuuliza dereva kama kambi ijayo bado ina nafasi. Ipo, mama yetu. Yako ipo siku zote.