Klachi Iliyopakwa Rangi

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, na nyinyi wenzangu wa usukani na wa spana, habari za kutwa. Nimehudhuria mikutano yetu miezi minane nikikaa benchi la nyuma bila kusema neno. Wengine mmedhani nina kiburi. Ilikuwa aibu. Leo naomba niseme, na jina la mtu silitaji. Anayelijua naomba asimnong'oneze jirani.

Mimi ni mzaliwa wa Kwihara. Babu alitusimulia kwamba baba yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka pale hadi pwani, akirudi anakaa nyumbani wiki mbili, kisha miguu inaanza kumwasha. Muwasho ule nimeurithi. Nilipomaliza kidato cha nne baba alitaka nilime tumbaku, nikakimbilia malori. Hadi leo nikilala nyumbani siku ya nne naanza kuiota barabara.

Miaka tisa niliendesha lori la mama mmoja mfanyabiashara wa hapa mjini Tabora. Na kwa miaka kumi na minne nilikuwa na rafiki fundi, gereji yake iko kando ya barabara kule Igunga. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Mnajua sisi ni watani tangu enzi za misafara, tulipopita kwao na mizigo na wao wakatudai hongo ya maji. Nikifika tu gerejini ananipokea: "Mbeba mizigo, umeleta hongo yangu?" Nami: "Ombaomba, bado hujashiba tu?" Mtani hakasirikiwi. Tulivyolelewa, ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe.

Sasa lori likaanza kuchemsha milimani. Klachi ya feni ilikuwa inavuja. Kwa ambao si watu wa gereji: ni kile kidude cha duara kinachoshika feni mbele ya injini. Ndani kina mafuta mazito. Joto la rejeta, lile tangi la maji ya kupoozea, likipanda, kinaikaza feni izunguke na injini na kuipooza. Joto likishuka, kinailegeza. Kikifa, feni inazunguka kwa uvivu tu, haivuti upepo.

Mama akanunua klachi mpya, ikaja ndani ya boksi. Nikampelekea mtani wangu asubuhi, nikaenda kula kwa mama ntilie. Niliporudi kazi imekwisha, klachi inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Mtani, umenifungia vizuri?"

Akafuta mikono, akasema gereji nzima isikie: "Mpya yako nimeiuza, mtani! Hiyo ni ile ile ya zamani, nimeipaka rangi. Mbeba mizigo atajua nini?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ndugu zangu. Nikamjibu, "Ombaomba wewe, hata klachi unaomba?" Nikapiga honi nikaondoka.

Hebu nisimame hapo kidogo. Mtu aliniambia ukweli mtupu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na mimi nikamchekea.

Igunga hadi Tabora ni tambarare. Ukienda mwendo mzuri upepo wa njia unapooza rejeta, feni haina kazi kubwa. Sikugundua kitu. Safari iliyofuata nilipakia mchele Igunga kwenda Dodoma. Nikafika mlima Sekenke saa nane mchana, gia ya pili, mzigo umejaa. Nikaona mshale wa joto unapanda. Nikatafuta pa kuegesha, na mnajua kona za pale, huwezi kusimama popote. Nilipopata upenyo, moshi mweupe ulikuwa umeshajaa. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, imepasuka.

Tulikutana barazani kwa mama. Mtani wangu alikuja kwa basi kunitolea ushahidi, au ndivyo nilivyodhani. Nilimpisha kiti, mimi mwenyewe. Akakaa, akasema:

"Mama, klachi ni mpya, ione inavyong'aa. Huyu aliangalia barabara, hakuangalia mshale."

Nikahisi kama nimemwagiwa maji ya rejeta. Ndipo nikayakumbuka maneno yake ya gerejini, nikayarudia mbele ya mama, neno kwa neno. Mtani wangu akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, huyu ni mtani wangu. Ameishiwa, sasa utani anaufanya ushahidi."

Mama akacheka kidogo. Siwezi kumlaumu. Hata mimi ningekuwa yeye ningecheka. Kisha akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Nyinyi mnajua barabara hii inavyosema. Kabla wiki haijaisha, kutoka Nzega hadi Singida nilikuwa "yule aliyepika injini". Dereva aliyepika injini hapewi hata toroli. Nikaenda kubeba magunia ghalani. Lakini magunia hayakuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba sikuweza tena kucheka na mtu. Mke wangu akitania, namuuliza ana maana gani. Mama yangu mzazi alipofariki, watani walikuja msibani kama desturi, mmoja akalala kaburini akisema hatoki mpaka apewe kuku. Nilimwinulia mpini wa jembe. Mbele ya maiti ya mama yangu! Kaka yangu aliushika ule mpini, akaniambia, "Umekuwa mtu gani wewe?" 

Mwaka wa pili nikasikia pale ghalani kwamba lori la mama, lililofungwa hedi nyingine likawa linapita tambarare tu, limepanda Sekenke likachemsha tena. Dereva mpya naye kafukuzwa. Fundi ni yule yule na maneno yake ni yale yale: dereva hakuangalia mshale. Nikaliacha gunia chini.

Kuna dada mmoja fundi, ana gereji njia ya Kipalapala, anatengeneza malori na matrekta. Nilikwenda kwake nimevimba kwa hasira. Nikamweleza yote. Kumbe naye Mgogo! Akaniangalia juu hadi chini.

"Mnyamwezi, umebeba mzigo miaka miwili hujafungua uone ndani kuna nini?"

Nilitaka kuondoka. Nawaambia kweli, mguu ulishageuka. Akaniita, "Kaka, kasirika ukiwa unajifunza. Njoo." Akaniweka mbele ya lori lililokuwa gerejini.

"Kwanza ufunguo mfukoni. Mimi nina utani, feni haina."

Akanionyesha. Injini ikiwa baridi, imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Nzima utaisikia nzito, itaenda kidogo na kusimama. Ikizunguka yenyewe kama gurudumu la baiskeli, imekufa. Washa ipate moto, zima, ufunguo mfukoni tena, zungusha: sasa iwe nzito zaidi. Ikiwa nyepesi bado, imekufa. Shika ncha ya panga la feni, isukume mbele na nyuma: ikichezacheza, imekwisha. Tazama kama mafuta yametoka yakashika vumbi. Haikuchukua hata nusu saa. Miaka ishirini ya usukani, hakuna aliyewahi kunionyesha, nami sikuwahi kuuliza, maana nilikuwa na rafiki fundi.

Tulikwenda wote kwa mama. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Umekuja kunichekesha tena?" Nikamwambia, "Mama, sitasema neno. Nakuomba ushuke uani, uweke mkono wako kwenye feni."

Akavaa kandambili, akashuka. Dada akauchukua ufunguo akampa mama mwenyewe aushike. Mama akaisukuma feni kwa vidole viwili. Ndugu zangu, ilizunguka! Ilizunguka tukiitazama. Dada akachukua kisu akakwangua ile rangi ya fedha. Chini yake kutu, na mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi. Mama akanigeukia, akasema taratibu, "Kumbe ulinieleza pale barazani, na mimi nikacheka."

Akanunua nyingine. Tuliifunga mimi na dada: tukaondoa kava la rejeta, tukalegeza bolti, tukaitoa feni na klachi pamoja. Mpya dada akanikataza kuilaza. "Isimamishe kama mgeni wa heshima, mafuta yake yasihame." Nilidhani mama atatafuta dereva mwingine. Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kiti cha abiria, tasbihi mkononi.

"Pakia mchele," akasema. "Nataka kukiona hicho kilima."

Sekenke, saa nane, gia ya pili. Mama haangalii mbele, anaangalia mshale. Mshale ukapanda kidogo. Kona ya pili feni ikashika. Ikavuma mbele yetu kama mvua inayokuja, mshale ukasimama, kisha ukashuka. Mama akauliza, "Hiyo ndiyo sauti yake?" Nikasema ndiyo. Tulipofika juu akasema tu, "Twende Dodoma." Na yule dereva wa pili, mama alimtafuta mwenyewe, akamwomba radhi.

Namshukuru mama, aliyekubali kuchafua mkono. Namshukuru dada wa njia ya Kipalapala, aliyenirudishia kicheko. Namshukuru kaka yangu, yuko pale mlangoni, kwa kuushika ule mpini. Yule mtani wa msibani nimekwenda kwake na kuku wawili. Alinicheka hadi akakaa chini.

Somo langu si kwamba tuache utani. Ni mali yetu, umetuvusha njia ndefu. Ila mtu akikutania juu ya kazi yako, cheka naye, ukimaliza kucheka ukague.

Na yule fundi wa Igunga? Hakuwahi kuomba radhi, na mimi sijamsamehe. Nisingependa kuwadanganya mahali kama hapa. Nikipita gereji ile, mkono wangu wenyewe unaenda kwenye honi, mazoea ya miaka kumi na minne. Naurudisha. Mbele kidogo namwona kwenye kioo cha pembeni, ameinua kichwa, anangoja. Niombeeni.