Kwa Mama Aliyesoma Kuanzia Nyuma

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mkutubi Mkuu na wenzako wote wa maktaba. Wahadhiri na watafiti wenzangu. Wanafunzi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada, binti wa mama yetu, uliyeacha shughuli zako ukaja kumsindikiza mzazi wako: nawasalimu wote kwa heshima. Mama mwenyewe nimemweka mwisho makusudi, kwa sababu ana mazoea ya kuanzia mwisho, na sitaki anikosoe kabla sijafika popote. Shikamoo, mama.

Tumekuja kumuaga karani wa tasnifu, baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye meza ileile, chini ya dirisha lile lisilofungika vizuri, ambalo kila mwaka tunaahidiwa kuwa litatengenezwa. Mkutubi Mkuu, nakuona unaangalia chini. Kazi aliyoajiriwa nayo mama huyu ilikuwa kupokea tasnifu, kuzipiga muhuri na kuzipanga kwenye rafu. Nani alimwambia azisome? Hakuna. Alizisoma kwa kupenda kwake, na kila moja aliianzia nyuma, kwenye orodha ya marejeleo, ndiyo maana wanafunzi wakambandika jina la Mama Kinyumenyume. Tulidhani halijui jina hilo. Kumbe siku moja nilimkuta ameliandika mwenyewe kwenye kikombe chake cha chai, ili kisichukuliwe.

Mimi nilimfahamu miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilikuwa mwanafunzi mwenye kompyuta nzito na kichwa kilichovimba, nikitengeneza programu ya kuwakamata wanaonakili kazi za wenzao. Nilikaa kwenye benchi pembeni ya meza yake kwa sababu moja tu: pale ndipo palipokuwa na soketi inayofanya kazi. Programu yangu ililinganisha maneno na maneno, na wanakili walikuwa wajanja. Walibadilisha maneno, wakageuza sentensi chini juu, na kompyuta haikufua dafu.

Siku ya tatu mama akaniuliza, "Mwanangu, unaisonya hiyo mashine tangu asubuhi. Imekukosea nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa boksi la viatu. Ndani mlikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na kosa moja. Akanionyesha ya kwanza. "Kitabu hiki kina kurasa mia moja na tisini. Huyu bwana kanukuu ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Sawa, alikuwa na usingizi. Lakini hawa wengine sita, nao wamenukuu ukurasa huohuo usiokuwepo. Wote sita walisinzia kwenye mstari mmoja?" Kisha akasema, kama mtu anayesimulia habari za jirani, "Kosa hili lina watoto wawili na wajukuu wanne. Mama yao yuko rafu ya saba."

Akaendelea kunifundisha bila kujua kuwa ananifundisha: "Mwizi anabadilisha maneno kwa sababu anayaona. Kosa atalibadilishaje, na hajui kama lipo? Halafu angalia na vitabu vinavyofuatana. Huyu kataja watu tisa, na yule kataja tisa walewale, kwa foleni ileile. Hapo huhitaji kusoma hata neno."

Nilikaa kwenye benchi lile miezi minane. Yeye alinisomea kadi, mimi nikailisha kompyuta. Wakati wa chakula alinigawia nusu ya mkate wake, akinidanganya kuwa daktari amemkataza kula wote.

Naomba niwaambie kisa kimoja cha miezi ile. Programu yetu ilimkamata mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili, aliyekuwa amebakiza wiki moja kuhitimu. Mwaka wa kitabu ulikosewa kwenye tasnifu yake, na ulikosewa vilevile kwenye tasnifu ya mtu mwingine. Mimi nilitaka kukimbilia kwenye kamati ya nidhamu, damu imechemka. Mama akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Uliza kosa limezaliwa wapi." Akatafuta siku mbili nzima, na mwishowe akalipata: lilikuwa kwenye kadi ya katalogi ya maktaba yetu wenyewe, kadi aliyoipiga chapa yeye mwenyewe, miaka ishirini nyuma. Wanafunzi wote wawili walikuwa wameiamini maktaba, basi. Nani angejua kama angeirarua ile kadi akanyamaza? Lakini alivaa viatu vyake vizuri, akaenda mbele ya kamati, akasema, "Aliyekosea ni mimi. Mwacheni binti wa watu ahitimu." Binti yule leo ni mhadhiri, amekaa safu ya pili, na naona kitambaa alichoshika kimeshalowa.

Ndugu zangu, kisa hicho nimekisimulia kwa sababu mimi sikufanya kama yeye.

Mwaka uliofuata niliandika makala kuhusu njia ya kugundua wizi wa maandishi kwa kufuata makosa ya marejeleo na mpangilio wake. Makala ile wengi wenu mmeisoma, imenukuliwa nchi nyingi, na ndiyo iliyonipandisha cheo. Ndani yake niliandika, "Mtafiti alibaini kwamba makosa hurithiwa." Mtafiti yupi huyo? Mtafiti alikuwa kwenye benchi, anakula mkate wa watu! Jina la mwandishi lilikuwa langu peke yangu. Kwenye shukrani niliandika mstari mmoja: "Nawashukuru wafanyakazi wa maktaba kwa ushirikiano wao." Nilimpelekea nakala. Akaisoma, kuanzia nyuma kama kawaida yake, akafika hadi kichwa cha habari, akanirudishia. Alikuwa amesahihisha mwaka mmoja kwa penseli. Akasema, "Hongera, mwanangu," na hakuna siku aliyolitaja tena jambo lile.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia kuwa kadi ni kadi na programu ni programu, kwamba hakuandika, kwamba hakuomba. Mtu akitaka kujidanganya, anakosa maneno?

Miezi miwili iliyopita mama huyu aliomba kitu kimoja tu kwa chuo. Aliomba kiti katika chumba cha watafiti, kile tunachowapa wastaafu waliochapisha kazi zao, ili aendelee na kadi zake. Aliandika kwa mkono wake: "Kadi hazijaisha. Nyumbani nina redio na paka, na wote wawili hawana habari na marejeleo." Kwenye fomu, penye neno Machapisho, aliandika, "Hakuna." Kamati ya chumba hicho ina watu watano, nami ni mmoja wao. Tulilikataa ombi lake kwa muda usiozidi dakika nne, kwa sababu kanuni ni kanuni. Niliinua mkono pamoja na wenzangu. Huu hapa, huu wa kulia.

Nikatoka pale na roho ikinisuta. Nikaipitisha makala yangu kwenye programu yangu mwenyewe. Matokeo: asilimia sifuri. Safi kabisa! Mashine inakamata kilichochukuliwa kwenye karatasi, lakini mimi nilichukua mdomoni mwa mtu, tena mtu aliyeniita mwanangu.

Niliwaandikia wahariri wa jarida, nikawaeleza yote bila kuficha. Jibu limekuja juzi. Wamekubali makala isahihishwe, iwe na waandishi wawili, na walitaka kujua nani atangulie. Nimewajibu: karani wa tasnifu atangulie. Mkuu wa idara yangu naye ana barua yangu, na la kufanya na cheo changu ataamua yeye na wenzake.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ile. Fomu ya mama ninayo hapa. Siombi umpendelee. Naomba uisome upya mara tu penye neno "Hakuna" patakapoandikwa "Moja". Lakini siwezi kuandika hapo mimi, na wewe huwezi, kwa sababu wahariri wanataka sahihi yake kwanza. Bila sahihi hiyo hakuna kitakachobadilika.

Mama, nilitaka kukufuata nyumbani nikuambie haya faragha. Nikapiga moyo konde nikaja nayo hapa, kwa sababu miaka kumi watu hawa wamenipigia makofi yaliyokuwa yako. Nilikuibia, mama. Ulinipa kazi ya maisha yako na nusu ya mkate wako, na mimi nikakuita "wafanyakazi wa maktaba". Naomba unisamehe. Na ukikataa kutia sahihi, ukaona hutaki jina lako likae karibu na langu, utakuwa na haki, na sitakuuliza kwa nini. Barua ya wahariri naiweka hapa mezani, na kalamu juu yake. Usijisikie kulazimika leo, wala...

Samahani, ndugu wageni. Naona amesimama. Hapana, dada, usimshike mkono, mwache. Wanafunzi, mpisheni tafadhali. Mama, ngazi hiyo ya mwisho ya jukwaa iko juu kidogo, angalia mguu wako.

Ndugu zangu, kalamu ameshaichukua, na mimi sina la kuongeza. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mchana huu. Sasa mpeni masikio hayo mwandishi wa kwanza.